Akiba Haiozi, Ikiwa Imekauka



Wahenga walisema akiba haiozi. Sisi wauguzi tunaohudumia akina mama na watoto hapa Gungu tunaomba ruhusa ya kuongeza maneno mawili: akiba haiozi ikiwa imekauka. Akiba iliyofungwa ingali na unyevu huoza, na mara nyingine huoza bila kutoa harufu, ikakaa kimya ndani ya debe hadi siku inapopikwa na kuleta ugonjwa mezani. Mwezi huu tutazungumza juu ya kukausha chakula nyumbani: mashine za umeme zinafanyaje kazi, na tusiokuwa nazo tufanyeje ili tupate akiba safi isiyotudhuru.

Kwa nini tukaushe?

Mkoa wetu wa Kigoma una msimu mmoja mrefu wa mvua, tangu Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo ni kiangazi. Mwishoni mwa mvua majani ya kunde, ya maboga, matembele na mchicha huwa mengi kiasi cha kulishwa mbuzi. Ifikapo Agosti na Septemba mboga hizo hizo hutafutwa kwa fedha. Maembe nayo huiva kwa pamoja, yakajaa chini ya miti pale Ujiji hadi yakaliwa na nzi, na baada ya wiki chache hakuna hata moja.

Dagaa nao wana siku zao. Wavuvi wetu huwavua usiku kwa taa, kwa hiyo siku za giza dagaa hufurika mwaloni Kibirizi na Katonga, na siku za mbalamwezi huadimika. Tena mwaka 2024 Serikali ilisimamisha shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Nia ni njema, kwani ziwa lisipopumzika litachoka. Lakini katika miezi ya namna hiyo nyumba yenye debe la dagaa wakavu na nyumba isiyokuwa nalo hazifanani.

Wa kwanza kuonja tofauti hiyo ni mtoto mdogo. Baba na mama wanaweza kusukuma siku kwa ugali na mchuzi wa chumvi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hawezi. Yeye anakua kila siku, na tumbo lake ni dogo, hivyo kila kijiko kinachoingia humo lazima kiwe na kitu cha kumjenga. Akipewa uji mweupe na ugali mtupu kwa miezi mitatu, ndipo nywele zinapopoteza weusi wake, miguu huvimba, naye huacha kucheza. Huo ni utapiamlo, na mara nyingi ulianza wakati chakula kilikuwapo kwa wingi, ila hakikuwekwa.

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 41, kinatusimulia jinsi Yosefu alivyokusanya nafaka katika miaka saba ya shibe kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Sisi hatuna maghala ya Farao, lakini tuna jua, tuna upepo wa ziwa, tuna mikono.

Kukausha ni nini hasa?

Vijidudu na kuvu vinavyoozesha chakula vinahitaji maji ili viishi, kama sisi. Jani bichi la mboga karibu sehemu tisa katika kumi ni maji. Samaki mbichi karibu robo tatu au zaidi ni maji. Tukiyaondoa maji hayo, vijidudu hukosa pa kuishi na chakula hukaa.

Ili maji yatoke, mambo mawili yanahitajika kwa pamoja: joto la kiasi, na hewa inayopita. Wengi wetu hukumbuka joto na kusahau hewa. Nguo iliyoanikwa chumbani hubaki na unyevu na kunuka hata kukiwa na joto, lakini ikianikwa kwenye upepo hukauka hata jua likiwa hafifu. Chakula nacho ni vivyo hivyo.

Joto likizidi mno mwanzoni nalo huharibu. Ngozi ya nje ya kipande hukauka upesi na kuwa ngumu kama gamba, na maji ya ndani hushindwa kutoka. Ukikigusa utasema kimekauka, kumbe moyoni kina unyevu. Akiba ya namna hiyo ndiyo inayoota kuvu ndani ya mkebe uliofungwa vizuri.

Jambo jingine tulishike tangu mwanzo: kukausha hakufufui kilichokwisha kuharibika. Samaki aliyelala hadi akalegea, au embe lililooza upande mmoja, halitakuwa jema kwa kuanikwa. Tukaushe kilicho bora, tena siku ile ile.

Mashine ya umeme ya kukaushia

Siku hizi mashine ndogo za umeme za kukaushia chakula zinauzwa mijini, na baadhi ya familia huletewa na ndugu zao. Ni sanduku lenye trei za matundu zilizopangwa moja juu ya nyingine, lenye kitu cha kutoa joto na feni ya kusukuma hewa, pamoja na kitufe cha kuchagua kiasi cha joto. Haina uchawi wowote. Inafanya kazi ya jua na upepo ndani ya sanduku, usiku na mchana, mvua inyeshe isinyeshe.

Mwenye nayo azingatie haya. Mboga na matunda yahitaji joto la nyuzi 50 hadi 60 za Sentigredi. Nyama na samaki wahitaji zaidi, nyuzi 70 au zaidi, kwa sababu vijidudu vyake ni vya hatari na joto dogo huvilea badala ya kuviua. Vipande viwe na unene mmoja, visilaliane, na trei za juu na chini zibadilishane nafasi mara kwa mara. Tusiongeze vipande vibichi juu ya vilivyoanza kukauka, maana vitavirudishia unyevu. Na umeme ukikatika kwa muda mrefu samaki wakiwa bado wabichi ndani, tusiwaache humo wakingoja. Watolewe wapikwe.

Tuhesabu pia gharama. Mashine ya wati 500 ikifanya kazi bila kupumzika kwa saa 10 inaweza kumaliza uniti 5 za umeme. Kwa trei chache za mchicha hiyo ni hasara, kwa maembe ya kuuza au ya kutumia miezi mingi huenda ikafaa. Kwa hiyo familia isiyokuwa na mashine isijione imepungukiwa. Tuna njia nne nyingine.

Njia ya kwanza: kichanja

Kuanika dagaa juu ya mchanga ni desturi ya miaka mingi katika fukwe zetu. Ni rahisi, lakini mchanga huingia katika chakula, kuku na mbwa hupita juu yake, na upande wa chini haupati hewa. Pia tuseme ukweli ingawa si habari ya kupendeza mezani: katika baadhi ya fukwe watu bado hujisaidia. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Kagunga, kaskazini mwa ziwa letu, wakati maelfu ya ndugu zetu wakimbizi kutoka Burundi walipojazana ufukoni bila vyoo vya kutosha. Ugonjwa ule ulitufundisha jinsi uchafu wa ufukoni unavyosafiri hadi sahanini.

Kichanja huondoa sehemu kubwa ya matatizo hayo. Simika miti minne au sita, kimo cha mita moja hivi toka chini, funga fito, kisha tandika wavu safi wenye matundu madogo. Hewa hupita juu na chini, na dagaa hukauka upesi kuliko mchangani. Mvua ikitishia, turubai hufunikwa juu yake mara moja, ambapo dagaa wa mchangani hulowa na kuoza. Jirani zetu wa Burundi walifundishwa kutengeneza vichanja hivyo na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kuanzia mwaka 2004, na upande wetu pia vipo katika baadhi ya mialo. Si lazima uwe mfanyabiashara ili uwe nacho. Kichanja cha mita moja kwa mbili nyuma ya nyumba chatosha familia.

Dagaa waoshwe kwa maji safi, watandazwe safu moja, wageuzwe mara mbili au tatu kwa siku. Jioni wakiwa hawajakauka, waingizwe ndani mahali penye hewa, kwa maana umande wa usiku hurudisha maji yaliyotoka mchana.

Hapa tuna onyo kubwa. Tusitumie chandarua chenye dawa kuanikia wala kufunikia chakula. Dawa iliyomo ni ya kuua mbu, haikuwekwa iliwe na watoto wetu. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 kutoka ufuo wa Ziwa Victoria nchini Kenya ulionyesha jinsi vyandarua vilivyogawiwa kwa ajili ya malaria vilivyokuwa vikitumika kuvulia na kuanikia samaki. Sisi wa Tanganyika tusijifanye hatujui habari hiyo. Chandarua kinachoanikiwa dagaa kimeondolewa juu ya kitanda cha mtoto, na mtoto huyo ataletwa kwetu na homa. Tununue wavu wa kawaida au kitambaa chepesi.

Vivyo hivyo, tusipulizie dawa ya wadudu juu ya dagaa ili kuzuia nzi na funza. Nzi huzuiwa kwa usafi, kwa kitambaa, na kwa kukausha upesi. Anayekula sumu ya nzi ni mtu.

Njia ya pili: kivuli chenye upepo

Hii ndiyo njia bora kwa mboga za majani, na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Jua kali linalopiga moja kwa moja juu ya majani huharibu vitamini A, ile inayolinda macho na kumsaidia mtoto kupambana na surua na kuhara. Utaona kwa macho: majani yaliyoanikwa juani hupauka, rangi ya kijani ikawa kama ya majani makavu ya kondeni. Rangi inapokwenda, sehemu kubwa ya vitamini imekwenda nayo.

Chagua majani machanga yasiyo na wadudu, yaoshe, ondoa vikonyo vigumu, yakate vipande vikubwa kiasi. Chemsha maji yenye chumvi kidogo, yatumbukize majani kwa dakika mbili au tatu tu, kisha yatoe na kuyachuja. Kuyapitisha katika maji ya moto namna hii hupunguza vijidudu na kuzuia majani yasiendelee kupoteza rangi na ladha. Baadaye yatandaze kwenye ungo au wavu chini ya kibanda cha nyasi au baraza lenye upepo, yafunike kwa kitambaa chepesi, na uyageuze. Kwa kawaida siku mbili hadi tatu za kiangazi zatosha. Majani yaliyokauka hulia yakishikwa, na kukunjwa kwake ni kuvunjika.

Kisamvu kina sharti lake. Majani ya muhogo yana sumu ya asili, na kukausha peke yake hakuiondoi yote. Yatwangwe yakiwa mabichi ndipo yakaushwe, na siku ya kupika yachemshwe vizuri sufuria ikiwa wazi, ili mvuke utoke na sumu.

Njia ya tatu: kikaushio cha jua

Maembe yetu mengi huiva mvua zikiwa zimekwisha kuanza, ndiyo maana kuyaanika wazi ni kazi ya kubahatisha. Hapa sanduku la kukaushia kwa jua hufaa sana, na seremala wa kawaida aweza kulitengeneza kwa siku moja.

Ni sanduku la mbao lisilo na kimo kirefu, lenye miguu. Ndani lipakwe rangi nyeusi isiyo na sumu au masizi, kwa kuwa weusi hushika joto. Juu lifunikwe kwa nailoni angavu iliyokazwa, ikiwa na mwinamo ili maji ya mvua yateremke. Upande wa mbele chini toboa matundu ya kuingizia hewa, na upande wa nyuma juu toboa matundu ya kutolea hewa, yote yazibwe kwa wavu ili nzi wasiingie. Katikati weka trei ya fito na wavu. Jua hupasha hewa ya ndani, hewa yenye joto hupanda na kutokea juu ikiwa imebeba unyevu, na hewa kavu huingia kwa chini. Kazi ni ile ile ya mashine ya umeme, ila bila bili. Kwa majani, funika nailoni kwa kitambaa cheusi au weka trei chini ya bati jembamba, ili joto lifike lakini mwanga usifike.

Kwa maembe: chagua yaliyoiva lakini bado magumu kidogo. Osha, menya, kata vipande vyembamba vya unene wa nusu sentimita. Vichovye katika maji yaliyokamuliwa ndimu au limau, vitapendeza rangi na kukaa zaidi. Vipange visigusane. Vimekauka pale vinapokunjika kama ngozi laini, havinati kidoleni, na ukikikata kimoja na kukiminya hakitoi hata tone. Kilo kumi za maembe mabichi zitakupa kama kilo moja tu ya makavu, kwa hiyo usishangae kwa uchache wake. Ni embe lile lile lililoaga maji. Sukari yake pia imekusanyika, hivyo wenye kisukari wale kwa kiasi, na watoto waswaki baada ya kula.

Jumuiya ndogo ndogo, au akina mama wa WAWATA, wanaweza kuchanga na kuwa na kikaushio kimoja cha kupokezana. Kitu kama hicho hakihitaji mfadhili kutoka mbali.

Njia ya nne: moshi na moto wa jikoni

Migebuka na samaki wengine wakubwa wana mafuta na mnofu mnene, jua peke yake haliwawezi. Hao hupasuliwa, hutolewa matumbo, huoshwa na kubanikwa kwa moto wa kuni. Kwanza wapate moto wa kutosha waive, ndipo waachwe katika moshi na joto dogo hadi wakauke. Tusichochee moto kwa plastiki, matairi wala mbao zilizopakwa rangi, kwa maana moshi wake huacha sumu juu ya samaki. Na kazi hiyo ifanyike nje au katika banda lililo wazi. Mama aliyembeba mtoto mgongoni ndani ya jiko lililojaa moshi anamvutisha moshi huo huo, na kifua cha mtoto hakiwezi kuubeba.

Uchaga ulio juu ya mafiga, ambao bibi zetu waliutumia, bado wafaa kumalizia vyakula vilivyokaribia kukauka siku za mvua.

Kwa wanaopenda samaki wa chumvi: chumvi husaidia sana kuzuia uozo, lakini kabla ya kupika walowekwe na maji yamwagwe. Wenye shinikizo la damu wasiwazoee.

Muhogo na mahindi: hapa pana hatari

Tungetamani wasomaji wasahau mengine yote kuliko kusahau sehemu hii.

Muhogo mchungu una sumu inayotengeneza sayanidi. Desturi ya kuumenya, kuuvundika majini kwa siku kadhaa hadi ulainike, kisha kuuanika, si uzembe wala ushamba. Ndiyo dawa yake. Hatari huja njaa inapobana na watu kufupisha siku. Wilayani Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, na huko Mtwara mwaka 2002 na 2003, watu walipooza miguu ghafula na kubaki hivyo maisha yao yote, wengi wao akina mama na watoto. Ugonjwa huo huitwa konzo. Walikuwa wakila muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka, tena bila kitoweo cha kutosha. Protini ya samaki na maharage husaidia mwili kuiondoa sumu hiyo. Ndiyo sababu debe la dagaa ni kinga pia.

Ipo njia rahisi ya kuongeza usalama wa unga wa muhogo. Changanya unga na maji hadi ulowe sawasawa, utandaze kwenye trei au mkeka safi kwa unene usiozidi sentimita moja, uuache juani saa 2 au kivulini saa 5. Sumu hutoka hewani. Kisha upike ugali siku hiyo hiyo. Njia hii ni ya kuongezea kazi ya kuvundika, isichukue nafasi yake.

Mahindi na karanga zina adui mwingine: sumukuvu. Ni sumu inayotengenezwa na kuvu aotaye kwenye nafaka zenye unyevu. Haionekani, haina ladha, na kuchemsha hakuimalizi. Nchini Kenya mwaka 2004 watu 317 waliugua na 125 wakafa baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Nchini kwetu mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na 20 wakafa. Hao ni waliokula sumu nyingi kwa muda mfupi. Wanaokula kidogo kidogo kwa miaka hujiwekea hatari ya saratani ya ini.

Kwa hiyo mahindi na karanga zianikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Zihifadhiwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Zilizoota kuvu, zilizobadilika rangi au kusinyaa zitupwe. Tusizioshe na kuzianika upya, tusizisage “kwa ajili ya watoto tu”, tusizipikie pombe, wala tusizitupie kuku, maana sumu huweza kuturudia kupitia mayai.

Utajuaje kwamba mahindi yamekauka? Chukua chupa safi kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funika, tikisa kwa dakika moja, kisha acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu. Chumvi ikianguka yote chini, yamekauka. Kipimo hiki kinagharimu chumvi tu, na chumvi yenyewe yaweza kukaushwa ikatumika tena kwa kupimia.

Kuhifadhi na kupika

Chakula kilichokauka kipoe kwanza kabla ya kufungwa. Kikifungwa cha moto, kitatoa jasho ndani ya chombo. Tumia chupa za kioo, madebe au ndoo za plastiki za chakula zenye vifuniko vya kubana. Usitumie ndoo iliyowahi kuwa na dawa ya shamba, hata ikioshwa mara saba. Weka mahali pakavu, penye giza na ubaridi. Andika tarehe. Fungua na kukagua kila wiki mbili. Ukiona unyevu bila kuvu wala harufu mbaya, anika tena siku hiyo. Ukiona kuvu, tupa. Majani yatumike ndani ya miezi sita. Dagaa wana mafuta yanayochacha, hivyo tusiwaweke zaidi ya miezi mitatu hivi.

Majani makavu huoshwa upesi, hulowekwa katika maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, na kupikwa kwa maji hayo hayo. Tia karanga au mawese. Vitamini A huhitaji mafuta ili iingie mwilini, na mawese mekundu yenyewe yana utajiri wa vitamini hiyo. Lakini tuache mtindo wa kuyachoma hadi yawe meupe, kwa maana wekundu ule ndio vitamini. Vitamini C hupungua sana katika kukausha. Chungwa, limau au pera bichi lisaidie.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6, pamoja na maziwa ya mama, tengeneza unga wa dagaa. Chagua dagaa, ondoa vichwa na matumbo, osha mara tatu hadi mchanga uishe, anika, kaanga bila mafuta hadi wakauke kabisa na kutoa harufu nzuri, twanga laini na kuchekecha ili usibaki mfupa mkali. Kijiko kimoja au viwili vya chai katika bakuli la uji, ukichemka nao dakika chache, humpa mtoto protini, chokaa ya mifupa na madini ya chuma. Tengeneza kiasi cha wiki moja au mbili tu. Aliyepata vipele, kuvimba au kutapika baada ya kula samaki aletwe zahanati.

Tuanze wapi?

Tusingojee mashine. Wiki hii kila nyumba ikague debe lake: funua, nusa, tazama kwa mwanga wa mchana. Kilichoota kuvu kitoke leo, ingawa mkono unasita. Kisha tuchague kitu kimoja cha msimu tulio nacho, tukikaushe vizuri, tukipime na kukiandikia tarehe. Mwenye kichanja amwonyeshe jirani. Mwenye mtoto mdogo aanze na dagaa.

Na ukiona mtoto ameanza kuvimba miguu, kupoteza hamu ya chakula au kupungua uzito, usingoje kumaliza akiba ya nyumbani kwanza. Mlete kliniki siku hiyo hiyo.

Mungu aliyetupa ziwa, jua na mikono atubariki sote.